Antivairasi Inayouliza Kabla ya Kufuta

Watu wakienda kununua antivairasi huuliza bei, halafu huuliza kama itafanya mashine iwe nzito. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na lilinifanya nionekane nimerukwa na akili katika kila duka nililoingia, kuanzia Nunguni kwetu hadi Wote hadi Machakos: ikikuta ugonjwa, inafuta yenyewe ama inaniuliza kwanza? Wauzaji walidhani naogopa usumbufu. "Mzee, hii hata hutajua kulikuwa na kitu," mmoja akaniambia, meno yote nje. "Inamaliza kimyakimya." Nikatoka dukani bila hata kuaga, na hiyo si tabia yangu.

Wacha nieleze, maana bila hiyo habari mtu atasema huyu mzee anababaika na vitu vya watoto.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kyuso, kule kaskazini mwa Kitui ambako jua ni jua kweli na watu hulima ndengu na kufuga mbuzi. Mimi ndiye niliyemleta huku milimani Makueni, kwenye ukungu na kabeji. Nina duka la dawa za mimea na mifugo. Yeye alikuwa na darasa lake, na nyumbani tulikuwa na kompyuta moja, ya kukunja, ambayo aliinunua ili atayarishe masomo. Alijifunza kujirekodi akiwasomea watoto wa darasa hadithi za Kikamba. Ugonjwa ulipomkalia, na daktari akaanza kuongea nasi kwa upole mwingi, alirudi kwenye ile kompyuta, akawa anafunga mlango wa sebule na kuongea peke yake.

Alituachia sauti. Kila mtu yake: watoto wetu, mimi, mama yake. "Mtasikiliza nikishaenda," alisema, kwa sauti ileile ya kusema kuna chai kwenye chupa. Nikamwambia aache maneno hayo. Akaniuliza kama nataka ayaseme nani.

Tukamzika. Watoto walisema hawawezi kusikiliza kwanza, wapewe muda, na nikawaelewa. Yangu niliisikiliza mara moja, asubuhi moja kabla ya kufungua duka, na siku hiyo duka halikufunguliwa. Ile ya mama yake sikuigusa. Haikuwa yangu, na tena ilikuwa ya mama mkwe.

Hapo lazima niseme kitu kuhusu sisi Wakamba, maana kuna watakaosoma ambao si wa kwetu. Tuna kitu tunakiita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, kati ya mtu na wazazi wa mke wake, na kwa mama mkwe ndiyo kali zaidi. Humkodolei macho. Hukai karibu naye. Chumba chake cha kulala hukijui kina dirisha upande gani. Mkikutana njiani unampisha, na mambo ya mwili, ya uchafu, ya magonjwa, hayatajwi kati yenu hata kwa mzaha. Siku hizi kanisa na mji vimelegeza mambo, kuna wanaume wanapigwa picha wamemkumbatia mama mkwe wakicheka, sawa, kila mtu na nyumba yake. Mimi nililelewa hivyo na mke wangu alilelewa hivyo, na tangu nioe sijawahi kula meza moja na mama yake.

Basi, matanga yalipokwisha, mama mkwe alikuja Nunguni pamoja na shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, anayeishi naye Kyuso. Alikuja kuchukua sauti yake. Simu yake ni ile ndogo ya kubonyeza, lakini ana redio ya sola, zile za kuchomekwa flashi, na flashi yenyewe ilikuwa imejaa nyimbo za kanisa alizowekewa kwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta cha sokoni. Shemeji akaichomoa kwenye redio akanipa. Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa pili wa sebule, karibu na mlango, leso begani, akiangalia nje vile heshima inavyotaka.

Nikaichomeka. Kompyuta ikalia.

Ilikuwa na antivairasi wakati huo, ya bure, mke wangu ndiye aliyeiweka. Ilitoa mlio kama mbwa aliyekanyagwa mkia, na dirisha jekundu likajaa kwenye skrini likisema kifaa hiki ni hatari, usikiamini.

"Ni nini hiyo inalia?" mama mkwe akauliza. Alimwuliza shemeji, si mimi.

Shemeji akaniangalia. Na mimi nifanyeje? Niseme flashi ya mama ni chafu? Nianze kupekua vitu vya mama mkwe kimoja kimoja nikitafuta kilicho kigonjwa, naye ameketi pale, na udongo juu ya mtoto wake haujashikana hata kidogo? Nikasema ni betri. Nikabonyeza pale palipoandikwa puuza, mlio ukanyamaza, na kwa ile haraka ya kutaka yaishe nikamnakilia folda nzima, yake na yetu, bila kuchagua. Shemeji akairudisha flashi kwenye redio, wakanywa chai, wakaenda. Kuna watu nimewasimulia jambo hili wakanilaumu. Walaumu tu. Nikirudishwa kwenye sebule ile leo, nitasema ni betri.

Haikupita wiki, kompyuta ikageuka. Kila folda ikawa na kimshale kidogo pembeni, na ukiibonyeza haifunguki, inakuambia kitu hakijulikani kiliko. Picha hivyo, hesabu za duka hivyo, na ile folda ya sauti hivyohivyo. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, akanituliza, akasema hiyo ni kazi ndogo. Akaweka antivairasi aliyoiita ya nguvu, iliyoibwa mtandaoni. Ikakimbia, ikataja magonjwa, ikayafuta yote bila kumwuliza mtu. Tulipofungua folda ya sauti ilikuwa nyeupe, haina kitu.

"Zimeliwa, mzee," fundi akasema. "Pole sana. Afadhali tuoshe mashine yote, tufute kila kitu tuanze upya."

Akaiosha. Nikamshukuru. Ai, nilimshukuru mtu yule kwa mikono miwili!

Baadaye ndipo mteja wangu mmoja, anayefundisha kompyuta chuoni, alinieleza akiwa anangoja nimpimie dawa ya nyanya. Virusi vya aina ile havifuti kitu, akasema, havili. Vinaficha faili za mtu na kuweka vimshale mahali pake. Antivairasi ya fundi ilikuwa imefuta vimshale tu. Sauti zilikuwa palepale, zimefichwa, zinangoja mtu aseme zionekane. Kilichozimaliza ni kule kuosha. Nilimaliza kumpimia dawa yake vizuri, nikapokea pesa, nikaenda nyuma ya duka nikapiga mateke magunia ya mbolea mpaka vidole vikavimba.

Watoto sikuwaambia. Walikuwa wakipiga simu Jumapili, na mmoja wao siku moja akaniuliza, "Baba, zile za mama bado ziko?" Nikasema ziko. Nikashinda siku hiyo sijala.

Aliyenitoa kwenye shimo ni shemeji. Alinipigia kunijulisha habari za mvua na za ndengu, na katikati ya maneno yake nikasikia nyuma yake sauti ninayoijua. Nilidhani nimeanza kusikia yasiyokuwepo.

"Shemeji, hiyo ni nini hapo nyuma?"

"Si ni mama na redio yake," akasema. "Kila siku akishakula mchana. Kwani?"

Nikakaa chini, hapohapo kwenye ngazi ya duka. Kumbe redio haina habari ya kufichwa wala kuonekana. Inasoma kilichomo. Yale yote yaliyofichwa machoni pa kompyuta, redio ya mama mkwe ilikuwa inayacheza wazi tangu siku ile. Nikamwuliza kama mama anasikiliza na zetu. Shemeji akacheka kidogo kwa huzuni. "Zenu anaziruka. Anasema si zake."

Kwa hiyo mke wangu alikuwa amebaki mahali pamoja duniani, kwenye flashi ile, na flashi ile ilikuwa mgonjwa. Nilimwomba shemeji aipeleke saiba waninakilie. Akasema mama hakubali itoke uwanjani, na mimi mwenyewe nilipofikiria nikaona saiba ndiko ilikoupata ugonjwa, ikirudi huko inaweza kuongezewa mwingine mbaya zaidi. Ningelazimika kwenda mimi, na kompyuta yangu. Na hapo ndipo lilipotoka lile swali langu la madukani. Nikienda bila antivairasi, virusi vitaingia tena kwangu na nitarudi na mishale. Nikienda na ile ya kufuta yenyewe, inaweza kuipangusa flashi ikabaki nyeupe, mama mkwe akiwa ameketi hapo. Sitakuwa nimepoteza sauti yangu tu. Nitakuwa nimemwua binti yake mara ya pili mbele ya macho yake.

Mkulima akija dukani kwangu akisema nipe sumu kali kabisa, mimi humwuliza anataka kuua nini. Wengi hukasirika. Lakini sumu isiyochagua inaua na nyuki, na msimu huo mtu anakosa hata boga moja, halafu anarudi kunilaumu mimi. Wauzaji wa antivairasi hawaulizi. Wanauza ukali. Nikaamua kuzijaribu mwenyewe.

Nikapata flashi ya bei rahisi, nikaenda saiba ya hapa kwetu, nikawaambia wanijazie nyimbo. Walinijazia, na kama nilivyotarajia, ikarudi mgonjwa. Hiyo ikawa mbuzi wangu wa majaribio. Kila antivairasi niliyopata niliiweka, nikachomeka ile flashi, nikaangalia inafanya nini. Ya kwanza ilifuta nusu ya nyimbo kabla sijavaa miwani. Ya pili iligundua ugonjwa, ikapiga kelele, kisha ikakataa kuushika mpaka nilipie mwaka mzima. Kulikuwa na nyingine iliyouliza, ndiyo, lakini kitufe cha kufuta yote kilikuwa kikubwa na cha kijani, na kile cha kuacha kilikuwa cha rangi ya majivu, kidogo hivi, kama mtu aliyesimamishwa nyuma ya mlango. Hiyo niliiogopa zaidi. Mkono wa mtu mwenye huzuni unaenda penye kijani.

Niliyoichagua mwishowe haina sura. Maandishi madogo, rangi ya karatasi kuukuu, na ya bure. Mteja wangu wa chuoni alinionyesha ndani yake mahali unaposema: usiguse kitu mpaka nikuambie. Nikaweka alama hapo. Nikaijaribu kwa ile flashi ya nyimbo tena na tena, nikijaza ugonjwa upya saiba, mpaka yule dada wa saiba akaniuliza kama nina kwaya. Kila mara iliniwekea jina la faili mbele yangu, ikasimama, ikangoja. Haikuharakisha. Nikasema sawa, wewe tutaenda nawe Kyuso.

Nilifika mchana, jua limesimama juu ya mji. Shemeji aliniwekea kiti barazani, mbali na jikoni, ambako mama mkwe alikuwa ameketi ndani karibu na mlango, kivulini, akichambua ndengu kwenye ungo. Tulisalimiana vile tunavyosalimiana, kwa mbali, macho yakiwa kwingine. Aliniuliza habari ya njia, nikajibu. Habari ya baridi ya kwetu, nikajibu. Halafu akafungua ncha ya leso, akatoa flashi, akampa shemeji aniletee. Alikuwa ameshaichomoa kwenye redio kabla sijafika.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "nimeshakula, nitaitaka upesi."

"Amesikia, mama."

"Na mwambie ile mashine isilie."

Nikaichomeka. Haikulia. Ilionyesha jina la kwanza, ikauliza: nifute, ama niache? Na hapo nikakwama palepale nilipokwama Nunguni. Majina yalikuwa mengi, mengine ya virusi, mengine ya nyimbo zake, mengine siyajui, na kuyajua ilibidi niyafungue. Nilikaa na kidole hewani. Shemeji akaona, akaniuliza kwa sauti ya chini kuna nini. Nikamwambia amwambie mama kwamba kuna vitu humu sina ruhusa ya kuviangalia. Na uchafu, sijui amwambieje, lakini uchafu upo.

Shemeji hakuhitaji kurudia. Jikoni si mbali hivyo.

"Mwambie aangalie," mama mkwe akasema. "Mimi na yeye tumezika mtu mmoja. Atakuta nini humo cha kuniaibisha?"

Nikaangalia. Jina moja, nikafungua, nikaamua. Jina lingine, nikafungua, nikaamua. Mishale nikaifuta. Kile kifaili kilicholeta ugonjwa nikakifuta, na sikukionea huruma. Nyimbo nikaziacha. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaiambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, na ile folda ikatokea, rangi yake imefifia kidogo, na ndani yake majina yetu, kila mtu na lake, kama alivyoyaandika yeye. Nikaanza kunakili. Shemeji alinishikia kompyuta isianguke.

Ilipokwisha nilitaka kufungua yangu nihakikishe. Lakini sauti ikatoka jikoni.

"Mwambie afungue yangu kwanza. Nijue hamjaniharibia."

Ilikuwa haki yake. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikafungua faili ambayo sikuwahi kuifungua tangu irekodiwe nyumbani kwangu.

"Mwaitu," mke wangu akasema, vile sisi humwita mama. "Ni mimi. Umekula?"

Halafu kimya.

Nikangoja. Kimya. Nikasogeza sikio. Hakuna. Nikajua imekatika. Nikajua kuna mahali nimebonyeza vibaya, kwamba nimefuta kipande cha ndani, kwamba baada ya maduka yote yale na majaribio yote yale nimekuja kumwua Kyuso mchana kweupe. Nikanyoosha mkono kuelekea ile mashine, na sijui nilitaka kuifanya nini.

"Nimekula," mama mkwe akajibu kutoka jikoni, kwa sauti ya juu, ya kumwambia mtu aliye uani. "Nimekula muthokoi na kunde kidogo. Nimeshiba, mama."

"Haya," mke wangu akasema. "Na ule mguu? Bado unakuamsha?"

Kimya tena. Shemeji alinigusa mkono ili nisiiguse kompyuta. Mama mkwe aliweka ungo chini, akaunyoosha mguu, akaupapasa polepole, kama mtu anayetaka kusema ukweli.

"Leo afadhali," akasema. "Jana ndio ulinisumbua. Lakini leo afadhali."

"Basi usichote maji wewe. Mwambie mdogo wangu achote."

"Huchota yeye. Mimi siku hizi nakaa tu."

Iliendelea hivyo. Anauliza, anangoja, mama yake anajibu, taratibu, maana mama mkwe si mtu wa kuharakisha neno, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mmoja alimkatiza mwenzake. Ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya sebuleni kwangu, mlango umefungwa, na mimi nje nikidhani amepumzika kwa sababu hasikiki. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, pumzi zenyewe hazimtoshi, akimngoja mama yake amalize kujibu.

Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, kwenye uwanja wa mama mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mama mkwe hakugeuka, wala hakuninyamazisha. Alikuwa anaongea na mtoto wake.